Waya Wazi na Karatasi Iliyopungua Sandukuni

Vijana wangu wa dukani,

Mliponipokea funguo mwezi uliopita mlifanya jambo lililonifurahisha kuliko ile keki: mlihesabu. Mlishika orodha ya sanduku la miksa, mkatoa kitu kimoja kimoja mkakipanga mezani, halafu mkakirudisha mkihesabu upya. Mkapata thelathini na sita. Orodha inasema thelathini na saba. Mkaniangalia kwa adabu, kama watu wanavyomwangalia mzee aliyesahau kufunga zipu. Nami nikanyamaza, kwa kuwa jibu lake si la kutolewa mtu akiwa amesimama mlangoni na keki mkononi.

Jibu ndilo hili. Ni refu, lakini nimestaafu, na wakati ndio bidhaa pekee niliyobaki nayo ghalani.

Nilitoka Rabai nikiwa na cheti cha umeme wa nyumba na viatu vya kaka yangu. Duka lilikuwa palepale lilipo leo, kichochoro cha nyuma ya Biashara Street, ambako ukikosea mlango unajikuta umeshakunjiwa kanga. Kazi ilikuwa ileile mnayoifanya: kukodisha spika na vipaza sauti kwa harusi, maulidi na mikutano, na kuvitengeneza vikirudi vimelowa sharubati. Bwana wa mahali pale alikuwa Fundi Karama, mtu mwembamba, kofia imenyooka, penseli sikioni. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinitupia gunia la nyaya akasema, "Hesabu."

Nikahesabu. Arubaini na mbili.

"Tena."

Arubaini na moja.

Akaenda zake kunywa kahawa. Nilihesabu mpaka adhuhuri, jasho likinitiririka ndani ya viatu vya watu. Kumbe gunia lilikuwa na nyaya arubaini na moja na kamba moja ya kuanikia nguo, aliyoitia mwenyewe.

"Mara ya kwanza wahesabu vitu," akaniambia aliporudi. "Mara ya pili wajihesabu wewe, kama uko macho."

Tangu siku hiyo nahesabu kila kitu mara mbili. Mke wangu anasema hata ngazi za nyumbani nazihesabu. Ni kumi na nne.

Somo la pili lilikuwa limebanwa kwa lastiki ndani ya kifuniko cha sanduku la miksa: karatasi ya nyakati za sala. Ilikuwa inatoka msikitini kila baada ya miezi miwili, mwezi mmoja umechapwa mbele, wa pili nyuma. Kanuni ya Karama ilikuwa fupi. Dakika tano kabla ya adhana, sauti inashuka. Nasema inashuka, kuukata muziki ghafla kwake ilikuwa aibu, kama kumfunga mtu mdomo mbele ya wageni. "Ulaze," alikuwa akisema, vidole vyake vikivuta vifungo vya miksa polepole, "ulaze kama mtoto. Asijue saa ngapi amelala."

Sikuwahi kumsikia akimhubiria mtu. Kwake hiyo ilikuwa kazi, sawa na kukausha plagi kabla ya kuichomeka. Mimi ni mtu wa kanisa, Jumapili naimba sauti ya nne, lakini karatasi ile niliijua kuliko nilivyoijua siku ya Pasaka. Na mnajua wenyewe, shangazi za bibi harusi hawana saa. Wanakuja watatu, mikono imejaa hina, "Fundi, wimbo mmoja tu." Karama alikuwa na jibu moja: "Sasa siwezi hata nusu. Baada ya sala nawapa miwili." Dakika za kabla ya adhana hakuwahi kumuuzia mtu. Zote alizitoa baada, na alizitoa kwa ukarimu, basi shangazi waliondoka wakidhani wao ndio walioshinda. Nimejadiliana na watu wengi mjini hapa, sijapata kuona biashara safi kuliko ile.

Kesi ngumu zilikuwepo. Nitawapa moja, kwa sababu bado inawatokea. Harusi ya Kibokoni, kila nikiwasha vyombo kunatoka mvumo, mmmmm, kama nyuki aliyesusa. Nikabadilisha nyaya zote, mara mbili. Nikabadilisha miksa. Karama akaja, hakugusa kitu, akatoka nje akasimama kichochoroni, masikio juu. Halafu akabisha hodi nyumba ya pili. Humo mlikuwa na mama muuza barafu mwenye majokofu matatu, na umeme wake na wetu ulitoka nguzo moja. Mama akasema majokofu hayazimwi hata aje rais. Karama hakubishana. Alimuuliza kama ana nguo mpya. Robo saa baadaye mama alikuwa kiti cha mbele harusini, majokofu yamelala, na barafu haikuyeyuka wala nini.

Miaka thelathini na minane, kwa hiyo, kazi yangu ilikuwa kuuondoa mvumo, mkwaruzo na mlio. Ishikeni hiyo.

Karama alifariki nikiwa bado sina mvi. Bendi za mahoteli zikapungua, vikundi vya taarabu vikanunua kinanda kimoja chenye wapigaji kumi ndani yake, na sisi tukabaki kupeleka spika kwenye mikutano ya kuzindua vyoo. Nilidhani muziki wa kupigwa kwa mikono umeshakwisha kisiwani. Kumbe ulikuwa umepanda darini. Siku hizi vijana wanapiga popote palipo na soketi: juu ya mapaa ya fleti za Ganjoni, uani mwa shule siku ya Jumamosi, chumba kimoja karibu na Ngome ya Yesu ambacho asubuhi kinauza vinyago. Watazamaji thelathini, na ishirini kati yao ni wapigaji wanaongoja zamu. Nilianza kwenda kwa kukodisha vyombo. Baadaye nikawa nakwenda hata kama hawakukodisha, nikijiambia nakagua soko.

Hapo ndipo nilipokutana na Waya Wazi. Kwa fundi umeme jina hilo ni onyo, lakini wao waliliandika kwenye fulana. Walikuwa watatu. Feisal, gitaa na sauti, kijana wa Mji wa Kale, mrefu, mpole mpaka atie plagi. Riziki, gitaa la besi, binti wa Ganjoni, mama yake mwalimu na yeye mwenyewe anazungumza kama anayesahihisha madaftari. Na Mwakio, Mtaita, mpiga dramu, mchana karani wa mizigo bandarini. Feisal alikuja dukani peke yake.

"Mzee Chengo, sabalkheri. Tunaitaka ile amplifaya iliyokufa."

"Iliyokufa ya nini? Ninazo nzima."

"Nzima hazilii vile."

"Vile vipi?"

Akafungua mdomo akaniigizia. Ilikuwa kama tuktuk inayopanda mlima na nyigu ndani ya tangi.

"Hiyo sauti," nikamwambia, "nimelipwa miaka yote niiondoe."

"Twajua. Kwa hivyo lazima wajua ilipo."

 Niliitoa amplifaya ya zamani ya Karama, ile ambayo spika yake ilichanika, nikampa kwa masharti matatu. Yeye akataka mawili. Tukakubaliana manne.

Muziki wao waliuita wa gereji, na neno jengine refu la kizungu lenye maana ya kwamba kichwa kinazunguka. Mwanzo sikuupenda. Nilikaa nyuma nikihesabu makosa. Besi ya Riziki ilikwenda mwendo mmoja, mzito, kama mtu anayesukuma mkokoteni wa maji na hataki kusimama kwa kuwa kuanza tena ni kazi. Juu yake gitaa la Feisal lilikuwa likichanika, likirudi mwangwi juu ya mwangwi, na mara ndani ya mchaniko ule nasikia kipande cha wimbo wa harusi niliokuwa nikiupitisha kwenye miksa yangu kila Alhamisi. Hakukiiba, alikulia ndani yake. Nikaacha kuhesabu. Lilikuwa jambo geni kwangu.

Walitaka kutoa albamu yao ya kwanza, nyimbo sita, na hawakutaka kompyuta. Walisikia kwamba dukani kuna mashine ya utepe yenye njia nne, kila njia ikinasa sauti yake peke yake, ile iliyokuwa ikinasa vikundi vya taarabu. Nilikuwa na tepu mbili tu zilizobaki hai, na hakuna mahali pa kununua ya tatu. Na haraka ilikuwa kubwa: Mwakio alipata kazi melini, mkataba wa miezi tisa. Wiki hiyo au basi. Bendi za vijana, mnajua, mmoja akiondoka miezi tisa, wawili wanaobaki mmoja anaolewa na mwengine anauza gitaa.

Nyumba ilikuwa ya nyanya yake Feisal, Bi. Rukia, Mji wa Kale, ghorofa ya juu. Nilikwenda mwenyewe kuomba. Bi. Rukia alikuwa amekaa barazani ndani, akichambua mchele, na alinipokea kama watu wa zamani wanavyopokea: habari za nyumbani, za watoto, za mvua ya Rabai, mpaka kahawa ikaisha ndipo akauliza haja.

"Nimesikia hizo kelele zao," akasema. "Si mbaya. Zamani babu yake alikuwa na pikipiki."

"Tunaomba siku nne, mama."

"Tatu."

"Tatu na nusu."

"Tatu, na chakula cha mtana juu yangu. Lakini nisikiza, Fundi Chengo. Nyumba hii na msikiti ni ukuta kwa ukuta. Sitaki kitu kipigwe juu ya adhana. Siku mtakapopiga, ngoma zashuka ngazi, na hicho mlichonasa chafutwa hapa hapa, mimi naona kwa mato yangu. Haya si ya Feisal. Feisal ni mtoto, akishika gitaa hajui hata jina lake. Neno nalitaka kwako."

Nilimpa neno. Sikuliona zito. Nilikuwa nimelishika miaka thelathini na minane.

Tulipanga hivi. Chumba cha mbele chenye dirisha, Feisal na kipaza sauti cha kuimbia, njia ya kwanza. Spika ya gitaa lake tuliitia ndani ya kabati la nguo, tukaifunika godoro, njia ya pili. Besi ya Riziki ikaingia kwenye mashine moja kwa moja kwa waya, njia ya tatu. Na Mwakio na dramu zake tukawafungia chumba cha ndani, stoo isiyo na dirisha, kuta zake unene wa mkono, njia ya nne. Alitusikia kwa hedifoni tu. Mimi nilikaa ukumbini na mashine, kifuniko cha sanduku kimefunguliwa mbele yangu, karatasi ndani yake. Tukaagana kwamba saa naiangalia mimi, wao wapige. Siku ya kwanza na ya pili tulinasa nyimbo tano. Kila adhana ilipokaribia niliinua mkono dakika tano mapema, wakashuka, tukala, tukarudi. Bi. Rukia alituletea wali na samaki wa kupaka akasema tumekonda kwa kelele.

Siku ya tatu ulibaki wimbo mmoja, mrefu, wa mwisho wa albamu, na haukukubali. Tulijaribu mara nne. Mara Riziki amewahi, mara kamba ya gitaa imekatika, mara muuza kahawa amegonga vikombe chini ya dirisha. Feni tulikuwa tumeizima kwa sababu ya mlio, na joto likawa si la watu, tukafungua dirisha. Mwakio alitakiwa ofisi ya wakala wa meli saa kumi na nusu na stakabadhi zake, asubuhi chombo kinang'oa nanga. Nikaangalia karatasi. Alasiri, saa kumi kasoro dakika nane. Nikaangalia tena. Kasoro nane. Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tatu, wimbo dakika saba. Nafasi ipo na chenji inabaki.

"Mara ya mwisho," nikawaambia. "Mwakio, lolote utakalolisikia au usilolisikia, usisimame mpaka mlango ufunguliwe. Tepu ndiyo hii."

Na wakapiga. Sitawaeleza, mtasikia wenyewe. Nilijua kwenye dakika ya pili kwamba ndiyo yenyewe, nywele za mkono zilisimama, na za kichwa zingesimama kama ningekuwa nazo. Walifika kwenye kile kipande ambacho Feisal haimbi, gitaa linazunguka tu, besi inasukuma mkokoteni wake.

Na ndani ya hedifoni zangu, kwenye njia ya kwanza, kupitia dirishani, wazi kama maji ndani ya gilasi, adhana.

 Niliitazama karatasi. Kasoro nane, ndiyo, haikudanganya. Ulikuwa upande wa mwezi uliokwisha. Mwezi mpya ulikuwa umeingia asubuhi ile, nami nilisoma mstari wa tarehe moja ya mwezi uliopita; na msimu huo alasiri inarudi nyuma haraka. Upande wa pili, ambao sikuugeuza, adhana ilikuwa dakika ileile niliyokuwa nayo masikioni. Nilihesabu mara mbili, vijana wangu. Vitu nilivihesabu. Mimi mwenyewe sikujihesabu.

Feisal alikuwa wa kwanza kusikia, dirisha liko ubavuni mwake. Aliinua mkono kwenye nyuzi, gitaa likanyamaza. Riziki alimwona, akapiga noti moja ya kumalizia neno, akanyamaza. Mwakio hakusikia wala hakuona. Baadaye alisema alidhani hedifoni zangu zimekata roho, jambo ambalo, kusema kweli, hutokea. Akashika nilivyomwambia. Akaendelea peke yake gizani, taratibu zaidi, kama mtu anayewasubiri wenzake njiani, mpaka Feisal alipofungua mlango na kumwekea mkono begani.

Nikazima mashine.  Tulikaa hivyo hivyo mpaka mwadhini alipomaliza.

Bi. Rukia alipanda ngazi baada ya sala. Kumi na saba, ngazi za nyumba ile, nilizisikia zote. Alikaa kitini, akatuangalia mmoja mmoja, akaishia kwangu.

"Fundi Chengo. Nimesikia ngoma."

"Umesikia, mama. Kosa ni langu, si la vijana. Wao walinyamaza." Nikampa karatasi. "Nilisoma upande usio wake."

Akaigeuza, akairudisha. "Na mato yako?"

"Yako. Ila yamezeeka kuliko nilivyowaambia watu."

"Futeni," akasema Feisal. "Nyanya alitupa sharti, nasi tumelivunja. Futa, mzee."

Riziki alifumba macho. Mwakio alikuwa amesimama na fimbo zake mbili na bahasha ya stakabadhi kwapani, na kwa saa yangu hakuwa na muda wa kupiga tena hata nusu ya wimbo. Ikifutwa, imekwisha. Nimejadili bei ya kila kitu kisiwani hapa, kuanzia risasi ya kulehemu mpaka jeneza la jirani, na siku hiyo nilitafuta mfukoni mwa akili nikakuta sina cha kutoa. Neno langu ndilo lililokuwa mtaji, na nilikuwa nimeshalitumia.

"Kabla ya kufuta," nikasema, "sikiza, mama. Ukishasikia, mimi mwenyewe nafuta mbele yako. Sijadili."

Akanitazama. "Wewe hujadili?"

"Leo sijadili."

"Basi kweli una shida. Haya."

Niliirudisha tepu nikaipiga kwa spika ndogo. Alisikiliza mikono imekunjwa magotini. Adhana ilipoingia aliteremsha macho, midomo ikamsogea. Gitaa likanyamaza, besi ikanyamaza. Ngoma zikabaki peke yake. Zikanyamaza.

"Hii sauti ya msikiti," akasema, "haiuzwi. Hiyo yatoka."

"Inatoka, mama. Iko njia ya kwanza peke yake. Nikiishusha hii haipo tena." Nikakishusha kifungo kimoja, na kwa mazoea nilikishusha polepole. Nikapiga tena. Safari hii hakukuwa na adhana. Kulikuwa na gitaa linaloacha, na besi inayoacha, na Mwakio anayeendelea na safari peke yake, na kimya.

"Tunaweza kukata hapo," Riziki akasema haraka, akiiona nafasi, "tukaunganisha mwisho wa ile ya mara ya pili. Hakuna atakayejua."

"Mbona mwataka kuunganisha?" Bi. Rukia akamgeukia.

"Kwa sababu haukuisha, Bibi. Umekatika tu."

"Haukukatika. Mlinyamaza, mwanangu. Mjukuu wangu kashika gitaa hajui jina lake, na amesikia akanyamaza. Kinyamazo hicho ni cha nyumba hii. Kama mwautoa wimbo, utoeni nacho. Mkinitilia mwisho mwengine, nafuta."

Halafu akamwita mpiga dramu. "Nawe ndoo hapa mbele yangu. Wewe waitwaje?"

"Mwakio, Bibi. Samahani, mimi sikusikia."

"Najua hukusikia, kuta za stoo ile nazijua mimi. Ungalisikia?"

"Ningenyamaza, Bibi. Mama angenipiga."

"Mama yako namjua sasa. Asiyesikia hana lawama. Nenda usiachwe na meli."

Alikwenda akikimbia, na fimbo zake akazisahau mezani. Bi. Rukia alisimama, karatasi ya nyakati bado mkononi mwake.

"Mama, hiyo ni ya sanduku," nikamwambia.

"Sanduku lako litapata nyengine. Hii naiweka mimi, mpaka nione kama wajua kugeuza."

Nilifunga vyombo jioni ile. Nikahesabu. Thelathini na sita. Nikahesabu tena, na kwa mara ya kwanza tangu gunia la Karama nilifunga sanduku likiwa pungufu. Njiani kwenda nyumbani niliamua kustaafu. Sikuwa na uchungu. Fundi wa sauti masikio yakibaki na macho yakiondoka, mwenzake wa kumsomea karatasi ni nani?

Albamu ilitoka mtandaoni, na kwa kaseti pia, maana vijana wa siku hizi wanazipenda kaseti kama sisi tulivyopenda kuziondokea. Mia moja, na nilizinakili mwenyewe dukani moja baada ya moja. Uzinduzi ulikuwa juu ya paa la akina Riziki, Ganjoni, Jumamosi, baada ya alasiri. Bila Mwakio hawakupiga. Waliketi na watu wakasikiliza. Ulipofika mwisho wa wimbo wa mwisho, gitaa likaacha, besi ikaacha, kijana mmoja wa Nairobi mwenye kamera akainama akaanza kutikisa waya wa spika yangu.

"Mzee, nadhani imechomoka."

"Wacha," nikamwambia. "Iko sawa."

Nyuma yake walikuwa wamekaa wazee wawili wa Mji wa Kale, wajomba zake Feisal, waliokuja zaidi kwa ajili ya sambusa. Mmoja aliweka sahani chini. Mwengine akamwambia kwa sauti ndogo, "Hiyo ni adhana." Na ndani ya kaseti ile hamna hata chembe ya adhana, niliitoa kwa vidole vyangu. Wakanyamaza wote wawili mpaka ngoma zilipokwisha, halafu wakaendelea kidogo kunyamaza, na mimi nikapata kazi ya ghafla nyuma ya spika.

Mwakio alituma sauti kwa simu, mashine za meli zikivuma nyuma yake; mvumo ambao sikuwa na hamu ya kuuondoa. Alisema ameupiga wimbo jikoni mwa meli, na wapishi walidhani simu imezimika. "Nikawaambia ngojeni, bado niko," akasema. "Wenzangu wamenyamaza tu, wanarudi."

Kaseti nilizihesabu kabla ya kuwakabidhi Feisal na Riziki. Tisini na tisa. Mara ya pili, tisini na tisa. Nikawaza ya mia ingekuwa kwa nani, nikachukua tuktuk mpaka Mji wa Kale, na karatasi mpya ya nyakati mkononi, upande wa juu ukiwa wa mwezi wenyewe, ili anirudishie ya zamani. Bi. Rukia aliikagua mpya kwa miwani yake, akaigeuza, akaigeuza tena, akanirudishia hiyo hiyo.

"Vyema. Hii kawape wanaokuja nyuma yako."

"Na ile ya sanduku?"

Alinyanyuka kunitengenezea kahawa, na mlango wa kabati la vyombo vya kaure ukabaki wazi nyuma yake. Karatasi yetu ilikuwa mle, imesimamishwa dhidi ya birika, ule upande wenye kosa ukiangalia nje. Kando yake ilikuwa kaseti moja ya Waya Wazi. Nyumba ile haina mashine ya kupigia kaseti. Najua, nilikaa siku tatu.

 Nilikunywa kahawa nikaeleza habari za mvua ya Rabai.

Basi hesabu yenu ilikuwa sahihi, na orodha nayo ni sahihi. Andikeni thelathini na sita; karatasi mpya si ya kuhesabiwa, ni ya kugeuzwa. Karatasi mpya nimeibana kwa lastiki mahali pake ndani ya kifuniko. Mwezi ukiingia, igeuzeni kabla hamjahesabu kitu chochote.